Upande wa Nne wa Meza ya Wakwe

Leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya watu wawili ambao nilitaka wanione mtu wa maana kuliko watu wote wa dunia hii. Na bado kuna kuku wanne walioshuhudia, na hao nao sidhani wataninyamazia.

Nyinyi wenzangu wa karakana ya Awendo mnanijua. Mimi si mtu wa vituko. (Ile ya gundi na kiti cha bosi haihesabiwi.) Mnajua pia kwamba wazazi wetu walitangulia, na mimi Ochieng, kifungua mimba wao, niliacha shule nikiwa kidato cha pili nikashika randa ili wanaonifuata washike kalamu. Kwa watu wengine nguo huanzia kwa mkubwa zikashuka kwa wadogo. Kwetu zinapanda. Nguo mpya ni ya mwanafunzi. Akishamaliza nayo, mimi naangalia kama kuna mahali bado inanitosha.

Basi, leo wakwe walikuwa wanakuja. Dada yangu Akinyi ameposwa na kijana wa Migori anayeitwa Owino. Wazazi wa Owino walikuwa wanakuja hapa kwetu Rangwe kuona boma, na kujua watazungumza na nani mambo ya mahari. Na hapo kwenye "nani" ndipo penye moto.

Baba mdogo Ouma, ndugu ya marehemu baba, ametangaza kwamba atakayekaa kwenye kiti cha baba leo ni yeye. Tangu mazishi huyu mtu tunamwona tu sufuria ikiwa juu ya jiko. Eti mimi sijaoa, kwa hivyo bado ni mtoto. Nilijua akikalia kile kiti, ng'ombe wa Akinyi watapita mlangoni kwetu wakielekea kwake, na neno la nyumba yetu litafuata mikia yao. Wadogo wetu watatu waliobaki wangekuwa wanaomba ruhusa kwake hata ya kukohoa.

Kwa hivyo nilihitaji kuonekana mtu mzima mwenye nyumba. Na mtu mzima mwenye nyumba ana meza.

Meza nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Mvule mtupu! Miguu minne iliyonyooka, hakuna msumari unaoonekana. Ilibaki kitu kimoja tu: kingo zake zilikuwa kali kama panga. Nikataka niziviringe, ziwe laini kama za meza za maofisini. Kwa randa ningemaliza mwezi ujao. Nikaenda Homa Bay mjini kwa Bwana Hassan, mtu wa Mombasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikamwomba aniazime ruta yake.

Ruta mnaijua: ile mashine ya umeme unayoishika kwa mikono miwili, ina jino dogo la chuma chini ya tumbo, na hilo jino linazunguka kwa hasira mpaka huwezi kuliona. Inachonga ukingo wa mbao kama mtu anayekula sima.

Bwana Hassan hakunipa hivi hivi. Alinikalisha kwanza juu ya gunia la saruji.

"Kijana, sikiliza vyema. Mashine hii haina mswalie Mtume. Ubao ufunge usitikisike. Macho yavalishe miwani. Ukitaka kubadilisha jino, chomoa plagi kwanza. Simama uuelekee ukingo, uisukume kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda kinyume, itakukimbia kama punda. Kata kidogo kidogo, rudia, usiwe na pupa. Usivae kitu chochote kinachoning'inia."

"Nimesikia, Bwana Hassan."

"Bado. Ukishaiwasha, mikono miwili, mpaka jino lisimame lenyewe. Hata nyumba ikishika moto."

"Hata nyumba ikishika moto?"

"Nyumba itajengwa nyingine. Kidole hakioti."

Leo asubuhi nilifuata yote. Nawaapia! Meza niliifunga kwa klempu kwenye benchi nyuma ya nyumba, ambapo ndipo kiwanda changu kilipo. Umeme nilivuta kwa waya mrefu kutoka soketi iliyo ukutani, karibu na mlango wa nyuma. (Umeme wenyewe tunaletewa na jirani mwenye mashine ya kusaga unga. Akiwasha yake, yangu inapumua kwa shida.) Nilivaa miwani. Nilivaa kaptura ya kazi na fulana ya kubana. Upande wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, ukipitisha kidole unasikia usingizi.

Nikaamua kuoga kabla ya upande wa nne, maana vumbi lilikuwa limeniingia mpaka kwenye mawazo. Wakwe walikuwa wanatarajiwa alasiri. Nilikuwa na wakati.

Sikuwa na wakati.

Nikiwa ndani navaa, nikasikia honi barabarani. Lori tupu la miwa, lililokuwa likitoka Awendo kwenda Homa Bay, lilikuwa limewapa wakwe lifti. Walishuka kutoka kwenye kabini kabla hata kuku wa kuchinjwa hajashikwa. Mzee Ogola, baba ya Owino, mrefu, mwenye kofia. Mama Owino, mfupi, mwenye leso mbili na macho yanayoona chini ya kitanda. Na Owino mwenyewe, anatabasamu kama mtu asiyejua kinachoendelea.

Nilivaa haraka. Suruali ilikuwa ya marehemu baba, ile ya zamani yenye miguu mipana, na kiuno chake kilikuwa cha mtu aliyekula vizuri. Mimi kiuno changu ni cha fundi. Mshipi wangu ulikatika wiki iliyopita. Nikachukua kamba ya katani ya kufungia mbao, nikaipiga fundo mbele, mkia wa kamba nikaufunika kwa koti la baba. Juu nikatia shati la mdogo wangu Odhiambo, linaloishia kwenye kitovu, lakini koti likifungwa nani atajua? Tai pia. Nikajitazama kwenye kioo. Nilifanana na diwani!

Nje nikakuta Baba mdogo Ouma ameshawapokea wageni. Na ameshawapeleka nyuma ya nyumba kwenye kivuli, karibu na kiwanda changu. Na ameshakaa. Kwenye kiti cha baba.

"Karibuni sana," nikasema. "Mimi ndiye Ochieng."

Mzee Ogola alikuwa karani wa mizani ya miwa mpaka alipostaafu, na ana tabia moja: akiona maandishi, anayasoma kwa sauti. Aliangalia kibao cha kiwanda changu. "Ochieng Fundi. Meza, Viti, Majeneza," akasoma. Kisha akanitazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Huyu kijana wetu anapenda kucheza na mbao," Ouma akaingilia, akicheka. "Sisi wakubwa tutaongea. Ochieng, nenda uangalie maji ya chai."

Maji ya chai! Mimi! Katika boma nililoliezeka kwa mikono yangu!

Akinyi akaniona sura ikibadilika. Akaninong'oneza, "Owadwa, kaka yangu, tulia. Meza tutaifunika na kitambaa. Mimi na Owino tunaenda kuchukua kreti ya soda, usianze vita."

Wakaondoka. Laiti ningemsikiliza.

Mama Owino alikuwa amesimama kando ya meza, anapitisha kiganja kwenye kingo. Upande wa kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa pili vile vile. Wa tatu akasema, "Mm!" Akafika wa nne.

"Uuwi! Hii imenikwaruza."

"Si niliwaambia?" Ouma akasema. "Kazi ya mtoto. Anaanza, hamalizi."

Wenzangu, kuna wakati mtu anatakiwa kunyamaza. Mimi nikasema, "Mama, kaa hapo kwenye kiti. Upande huu naumaliza sasa hivi mbele yenu."

Na kwa sababu nilitaka waone kwamba mimi si mtoto wa kucheza, nikaanza kufundisha. Ndiyo. Nilisimama mbele ya wakwe kama mwalimu wa zamu.

"Mashine hii," nikasema, "haitaki mzaha." Nikakaza klempu. "Ubao lazima ufungwe." Nikavaa miwani. "Macho lazima yakingwe." Mzee Ogola akaanza kunisikiliza kwa makini, nikaona, nikapata nguvu. "Na la muhimu kabisa: mtu mwenye akili haikaribii akiwa na kitu kinachoning'inia."

Nikavua tai polepole, waone. Nikavua koti polepole, waone.

(Mmeshaona wenyewe. Nyinyi ni watu wa akili. Mimi sikuona. Nilikuwa nafundisha.)

Mkia wa kamba ulikuwa unaning'inia mbele yangu kama ulimi wa mbwa mchana.

Nikachomeka plagi, nikarudi mezani, nikawasha. Ruta ikalia ile sauti yake ya nyigu wa chuma. Mzee Ogola alisimama akaenda nyuma ya kiti chake. Nikaelekea ukingo, mikono miwili, kushoto kwenda kulia, kidogo kidogo. Unga wa mbao ukaanza kuruka. Ilikuwa inakubali! Nilifika katikati ya meza. Nikainama kidogo ili nione vizuri.

Ruta ikalamba kamba.

Sijui niwaelezeje. Kitu kilinivuta kiunoni kwa nguvu, nikaenda mbele, meza ikanipiga tumboni, nikarudi, nikavutwa tena. Kwa mtu aliyekuwa mbali ilionekana kama nacheza dansi na meza. Sauti ya mashine ikageuka ikawa mayowe. Halafu kamba ikakatika, tap! Kipande kimoja kikabaki kimejiviringisha kwenye shingo ya ruta, kinapiga hewa fap-fap-fap.

Kipande kingine ndicho kilichokuwa kinashika suruali.

Suruali ya baba haikuanguka kwa haraka. Ingekuwa afadhali. Ilishuka kwa heshima, kama bendera saa kumi na mbili jioni, ikakaa juu ya viatu.

Sasa, mtu wa kawaida angefanya nini? Angeachilia mashine, ashike suruali. Nami mikono ilitaka, nawaambia kweli. Lakini ruta ilikuwa inatikisika ile mbaya, jino linazunguka, na swichi yake iko juu ubavuni, ngumu, haizimiki mpaka mkono mmoja uachilie uisukume kwa dole gumba. Ningeiachilia kwa mkono mmoja, ingeruka. Na mbele yangu, hatua chache tu, ameketi Mama Owino.

Nikaiinua juu ya meza, mbali na kila kitu, mikono yote miwili imenyooka. Nikasimama hivyo. Kama padri anayeinua kikombe. Isipokuwa padri huwa amevaa.

Nanyi mnajua mambo yetu. Mkwe kukuona bila nguo si jambo la kucheka. Wazee huitwa. Majani huchemshwa. Watu huacha kusalimiana miaka.

"Wololo!" Mama Owino akapiga yowe, akavuta leso yake akafunika uso mzima.

"Chomoeni plagi!" nikapaza sauti. "Ukutani! Baba mdogo, chomoa plagi!"

Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimelala chali. Nilimwona Baba mdogo Ouma kwa mgongo tu, anaruka ua wa michongoma, anaingia kwenye mahindi ya jirani, na mahindi yanaendelea kutikisika kwenda mbali.

"Mzee Ogola! Plagi!"

Mzee Ogola alikuwa bado nyuma ya kiti chake, ameshika kofia. Na hapa niwaambie nilichokuwa nimevaa ndani. Nguo zangu zote za maana zilikuwa kwenye kamba zinakauka, kwa ajili ya wageni. Nilikuwa nimevaa kaptura ya michezo ya Akinyi ya shule ya bweni. Zambarau. Ina mpira kiunoni na mpira kwenye mapaja. (Inatosha vizuri! Sikuona sababu ya kuitupa.) Na matroni wa shule ile alikuwa na wino usiofutika, na alipenda herufi kubwa, na alipenda kuziandika nyuma, mahali pana.

Nilipogeuka kumtafuta mzee, nikageukia upande usio wake, nikamwonyesha mgongo.

"A-KI-NYI," Mzee Ogola akasoma. "MBILI B."

"Baba Owino!" mke wake akafoka ndani ya leso. "Unasoma nini wakati kama huu?"

"Imeandikwa."

"Mtu anakufa hapa na wewe unasoma!"

"Sasa mimi nifanye nini? Hii kitu italipuka!"

"Haitalipuka, mzee! Chomoa tu plagi!"

"Wewe kijana, mimi umeme naujua. Sigusi."

Mikono ilikuwa inaanza kufa ganzi. Miguu sikuweza kuinua hata mmoja, suruali imenifunga kama mbuzi wa mnada. Nikaanza kuomba jirani aanzishe mashine yake ya unga ili umeme upungue. Siku zote huwa nalalamika akiianzisha. Leo, kimya.

Ndipo Mama Owino akainuka. Uso umefunikwa, leso ya pili ameiongeza juu ya ya kwanza. Akanigeuzia mgongo.

"Iko wapi hiyo kitu?"

"Ukutani, Mama. Karibu na mlango."

"Mlango uko wapi? Mimi sioni!"

"Rudi nyuma kidogo, Mama. Kushoto. Kushoto! Hapana, huo ni mkono wa kula."

"Usinifundishe mikono yangu!"

"Samahani, Mama. Sasa songa. Songa. Kuna ndoo hapo..."

Akapiga ndoo teke. Kuku wakatawanyika.

"...nilitaka kusema kuna ndoo."

"Ndio unasema sasa!"

"Umefika, Mama. Papasa ukuta. Juu. Chini kidogo. Hiyo ni kufuli. Hiyo ni, hiyo ni picha ya kalenda. Hapo! Hapo hapo! Vuta!"

Akavuta. Kwa nguvu zote za mwanamke aliyelea watoto saba. Plagi ikatoka, na kipande cha plasta ya ukuta wangu kikatoka nayo.

Ruta ikaanza kushusha sauti. Ikanung'unika. Ikapumua. Mimi sikuachilia. Nililingojea jino mpaka nikaliona, mpaka likasimama kabisa. Kisha nikailaza juu ya meza.

"Imekufa?" Mama Owino akauliza, bado ameuelekea ukuta.

"Imezimika, Mama."

"Na suruali?"

"Bado, Mama."

"Basi mimi pia bado niko hapa."

Niliinama nikavuta suruali, na wakati huo huo Akinyi na Owino wakatokea pembeni mwa nyumba wamebeba kreti ya soda. Akinyi aliangalia kiti kilichoanguka, ndoo iliyopinduka, mkwe wake amejifunika kichwa anaongea na ukuta, na mimi nimeshika suruali kwa mikono miwili na unga wa mbao kwenye nyusi.

"Ochieng," akasema polepole. "Nimeenda dukani tu."

Mzee Ogola akatoka nyuma ya kiti. Akavaa kofia. Akasafisha koo. Nikajua ndio mwisho. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini Akinyi.

"Tuliambiwa mwenye boma hili ni Ouma," akasema. "Ouma yuko wapi?"

Mahindi yakajibu kwa mbali: "Niko hapa! Imeisha?"

Mzee Ogola akaangalia yale mahindi kwa muda mrefu.

"Kaa huko huko, bwana!" akaita. Halafu akanigeukia. "Kijana, ile mashine ungeiachilia, ingeenda wapi?"

"Ingeruka, mzee."

"Kuelekea wapi?"

Nikaangalia tu kile kiti alichokuwa amekalia mke wake. Mzee naye akakiangalia. Mama Owino akageuza kichwa kidogo, leso ikiwa bado usoni.

"Mimi nasema hivi," akasema kutoka ndani ya leso. "Nitaongea na huyu. Lakini sitaongea na mtu anayeshika suruali kwa mkono. Owino! Toa mshipi!"

"Mama, mimi je?"

"Wewe ndiye unayeoa, si huyu. Toa!"

Owino akatoa mshipi wake, mweusi, wa ngozi, karibu mpya. Akanipa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama mila inavyotaka. Nami nikaupokea kwa mkono mmoja. (Wa pili mnajua ulikuwa wapi.) Kwa hivyo ng'ombe hajafika, mbuzi hajafika, na tayari kwetu kimeingia kitu cha ukweni. Wengine wataulizwa walianza na nini. Sisi tulianza na mshipi.

Nikavaa. Nikainua kiti cha baba, nikakifuta vumbi, nikakaa.

Tumezungumza vizuri, wenzangu, mpaka soda zikaisha. Akinyi anaolewa, na mambo yote yatapitia nyumba hii. Baba mdogo Ouma alirudi wakati wa kuku, akakaa kwenye ndoo. Owino alisimama kwenye maombi huku amejishika kiuno kama mtu anayeumwa na figo. Mama Owino amekula akiangalia mlango, na amesema kwamba yeye hakuona chochote, na mtu asimuulize ile rangi ya zambarau aliijulia wapi.

Wakati wa kuagana Mzee Ogola alinishika mkono, akanivuta kando.

"Bwana mkwe," akasema. Bwana mkwe! "Siku tutakayoleta ng'ombe, nakuomba kitu kimoja. Usiwashe chochote."

Nimemwahidi. Sitawasha hata redio.